Barua kwa mwanangu: kile kitabu cha mizuka

Mwanangu,

Umeniuliza kama mjukuu wangu, kwa miaka yake tisa, ni mdogo mno kwa kile kitabu cha katuni alichokipata kwenye vitabu vya mtumba: Ghostopolis cha Doug TenNapel, cha mwaka 2010. Nimekisoma barazani Ijumaa nzima. Mvulana mwenye ugonjwa usio dawa anapelekwa kwa makosa hadi ulimwengu wa mizuka, na huko anakutana na babu yake. Hapo kwa babu nikakifunga.

Wajua kwa nini. Alipofariki babuyo ulikuwa na miaka sita, tukakwambia amekwenda Lamu. Nyanyako yu edani, nyumba imejaa watu wa khitma, nasi twasema Lamu! Kila jioni ukakaa mlangoni na hamri moja umemfungia kwenye gazeti. Siku kumi na moja. Nilizihesabu, nikanyamaza. Aliyekwambia kweli ni mtoto mwenzako wa chuo cha Kurani. Ulirudi, ukaiweka ile hamri mezani, ukaniuliza: "Mama, Lamu ndiyo kaburini?"

Hadi leo nikikanda unga wa mahamri naisikia sauti ile.

Nimesema siku zote na nasema tena: mtoto haogopi hadithi, huogopa kufichwa. Nyanyako alitulaza kwa utenzi wa Al-Inkishafi: majumba ya Pate yamekuwa magofu, kwenye madaka ya ukutani ya sahani za kaure wamelala makinda ya ndege, kisha mioto ya Jahanamu. Tukijifunika shuka hadi utosini, na kesho yake twamwomba tena.

Lakini nduguyo je? Aliposikia habari za pepo wa Mnara wa Mbaraki, kule Mombasa, alikojoa kitandani mwezi mzima. Basi watoto hawafanani. Hapana, yule alisimuliwa kisha akaachwa peke yake gizani, na aliyemwacha ni mimi. Mtoto haogopi hadithi.

Na mji ule wa mizuka si barzakhi tuliyofundishwa, yale makao ya roho kabla ya Kiyama. Hilo mwambie waziwazi.

Mwanao ni wako, sitakukatia shauri, ingawa ulimi waniwasha. Ila ukimpa, mkifika kwa babu, kaa naye.

Kitabu kiko juu ya kabati langu. Nimetia uzi mwekundu pale nilipokifunga. Njoo naye mwanao siku moja, tukimalize sote watatu.

Mamako