Kabla Hujasaini Pambano la Ulaya, Uliza Nani Atakupima

Wiki iliyopita bondia mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Shikamoo kocha. Nimepata pambano Uingereza, nasikia kule wanapima dawa. Mimi situmii kitu chochote. Nikishapima uzito naruhusiwa kutundika dripu?" Nilimpigia simu palepale. Tangu bondia wetu Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Mwingereza Sam Eggington pale Birmingham, Septemba 2018, kila bondia wetu anaota kupanda ulingo wa Uingereza, na anayejifua kwa ajili hiyo anahesabu kilomita, raundi na kilo. Mambo ya vipimo anaachiwa promota, na promota ana mambo yake.

Jibu la dripu ni hapana. Kanuni za WADA, shirika la dunia linalopinga dawa zilizokatazwa michezoni, zinakataza kuingiza mwilini kwa mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, hata kama ni maji ya chumvi tu, isipokuwa unatibiwa hospitalini kihalali au una kibali cha matibabu. Sababu ni kwamba maji mengi ya mshipani huzimua damu na mkojo, na kinachotafutwa maabara kinaweza kufifia. Floyd Mayweather alitundikiwa mililita 750 baada ya kupima uzito, siku moja kabla ya kupigana na Manny Pacquiao, Mei 2, 2015. USADA, shirika la Marekani linalopinga dawa hizo, lilimpa kibali wiki karibu tatu baada ya pambano, na watu wanabishana mpaka leo. Wewe wa Morogoro hutapewa kibali baada ya pambano. Utapewa barua ya kufungiwa.

Sasa nieleze ninachokijua kwa macho yangu. Bondia wangu alipigana Uingereza mwaka huu, akapoteza kwa pointi, pambano safi. Tulipotoka ulingoni afisa wa upimaji alikuwa ameshatusubiri kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo na fomu mkononi. Kuanzia pale hakumwondolea kijana macho hata sekunde moja. Nilikuwa bado nakata bandeji. Kijana alikuwa amekauka, kwa sababu alishusha kilo nyingi kufikia uzito, halafu akatoka jasho raundi zote. Mkojo hautoki. Wanataka angalau mililita 90, na usiwe mwepesi kama maji. Wana kifaa cha kupima uzito wake, ukikutwa umezimuliwa sana unaanza upya. Tukakaa. Maji ya kunywa alichagua mwenyewe kutoka kwenye chupa zilizofungwa, nami nilimkataza kugusa chupa yoyote iliyokwisha kufunguliwa, hata ile ya kwetu ya kona.

Mkojo ulipokuja, aliingia chooni na afisa. Fulana juu mpaka kifuani, bukta chini mpaka magotini, mikono wazi mpaka viwikoni, na afisa anatazama mkojo ukitoka mwilini. Vijana wetu wanaona aibu sana hapo, nilishamwandaa. Kisha kijana akachagua mwenyewe boksi moja kati ya yaliyopangwa mezani, akakagua namba za kifuniko, za chupa na za boksi kama zinalingana. Chupa A ina alama ya rangi ya chungwa, chupa B ya buluu. Akamimina mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba hata kukaza kifuniko ni kazi, lakini kilipokaza tulisikia kinagonga, ka, ka, ka, na baada ya hapo hakifunguki tena mpaka maabara. Chupa A inapimwa kwanza. Ikikutwa na kitu, una haki ya kudai B ifunguliwe mbele yako au mbele ya mtu wako.

Halafu fomu. Inauliza dawa na virutubisho vyote ulivyotumia siku saba zilizopita. Hapa ndipo nilipojivunia kazi yangu, na nasema bila kuficha. Nilitoa daftari la kambi: vidonge vya maumivu, vitamini, dawa ya mafua, kila kitu kimeandikwa jina na tarehe, na maboksi yake tumeyaweka. Afisa alinakili bila kuuliza mara mbili. Majibu yalikuja safi. Tulishindwa pambano, lakini jina la kijana wangu halina doa, na promota yule yule ameshanitafuta tena.

Sasa mnisikilize vizuri kuhusu nani anakupima, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Mwangalie Conor Benn, bondia wa Uingereza. Alitakiwa kupigana na Chris Eubank Jr London, Oktoba 8, 2022. Siku chache kabla, ikajulikana vipimo vya VADA vimemkuta na klomifini, dawa ya uzazi ambayo kwa mwanamume hupandisha homoni za kiume. VADA ni chama cha Marekani kilichoanzishwa 2011 na daktari Margaret Goodman. Kinapima mabondia waliokubali wenyewe kwa mkataba, popote walipo, bila taarifa, lakini hakina mamlaka ya kumfungia mtu. Bodi ya ngumi ya Uingereza ikazuia pambano. Februari 2023 WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, ikasema kuna maelezo yanayokubalika, kwamba alikula mayai mengi mno. Benn mwenyewe hakuyapenda maelezo hayo. Kisha UKAD, wapimaji wa serikali ya Uingereza, wakamsimamisha kwa muda na kumfungulia mashtaka. Jopo likamwondolea zuio Julai 2023, rufaa ikakatwa, na Novemba 2024 ndipo shauri likaisha kwa ushindi wake. Miaka miwili, huku akipigana Marekani tu. Na Benn ana mawakili, ana baba aliyekuwa bingwa wa dunia. Mashirika manne kwenye mkojo wa mtu mmoja, kila moja na kauli yake!

Hata orodha hazifanani. Mwaka 2021 bondia wa Mexico Oscar Valdez alikutwa na fentamini, dawa ya kupunguza uzito. Kwenye orodha ya WADA dawa hiyo imekatazwa wakati wa mashindano tu. Kwa VADA imekatazwa mwaka mzima. WBC ikamruhusu kutetea mkanda wake dhidi ya Robson Conceição, watu wakakasirika kweli kweli. Kwa hiyo ukiambiwa "utapimwa", uliza: kwa orodha ipi? Na majibu yataenda kwa nani? Na adhabu atatoa nani? Iandikwe kwenye mkataba. Promota akikujibu "usijali," basi hapo ndipo pa kujali.

Mimi nina donda langu. Enzi zangu nilikwenda kupigana ugenini, nchi moja ya Ulaya Mashariki, na nikapigwa mpaka taya likavunjika. Nilirudi nyumbani nakunywa uji kwa mrija, watu mtaani wananiambia umri umekwenda. Miezi mingi baadaye rafiki alinitumia habari kwamba mpinzani yule alikutwa na dawa usiku ule ule na pambano limefutwa kwenye rekodi. Hakuna aliyenipigia simu. Hakuna aliyeniandikia. Taya halikufutwa. Ndiyo maana niliposoma ya Devin Haney na Ryan Garcia, Aprili 2024 pale Brooklyn, usingizi ulikata. Haney aliangushwa mara tatu, kisha Garcia akakutwa na ostarini, dawa ya kujenga misuli, akafungiwa mwaka mmoja, matokeo yakawa hakuna mshindi. Haney hakupewa ushindi. Alirudishiwa rekodi yake, lakini yale makonde aliyakula yeye.

Kwa hiyo vijana, msidhani vipimo ni adui. Vipimo vinakulinda wewe usiye na kitu. Jarrell Miller alipokutwa na dawa tatu mwaka 2019 kabla ya kupigana na Anthony Joshua, nafasi ilikwenda kwa Andy Ruiz Jr, na Ruiz akatwaa mikanda pale Madison Square Garden. Mtu msafi aliye tayari ndiye anayefaidika mwingine akianguka. Uwe wewe.

Lakini usafi wa moyo hautoshi, maana sheria hii haiulizi nia yako. Kilichomo mwilini mwako ni chako. Vidonge vya kukojoza unavyonunua duka la dawa ili ushuke kilo, furosemaidi ile, vimekatazwa wakati wote, kwa sababu vinaficha dawa nyingine. Tramado unayomeza mkono ukiuma imekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Prednisoloni ya kumeza, hivyo hivyo. Bangi, hivyo hivyo. Na ile poda ya misuli isiyo na jina la kiwanda, na dawa ya mitishamba ya kwenye chupa ya soda, hakuna maabara itakayokusikiliza ukisema sikujua. Dillian Whyte alipoteza pambano la Agosti 2023 na Joshua kwa kirutubisho kilichochafuliwa. Baadaye akasafishwa. Pambano halikurudi. Kwa hiyo andika kila kitu, tunza boksi, tunza risiti. Ukienda kwa daktari, mwambie wewe ni bondia unayepimwa kabla hajashika kalamu. Wanaonifahamu wanajua nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na nitalisema tena.

Bondia wa Morogoro amenitumia mkataba wake jana. Una kifungu cha yeye kupimwa. Hauna kifungu kinachosema atalipwa nini mpinzani akikutwa na dawa, si kabla ya pambano wala baada. Nimemwambia arudishe, adai fedha yake yote ya pambano ilipwe hata likifutwa kwa kosa la upande wa pili, gharama za kambi na tiketi zikiwemo, na majibu ya vipimo vya wote wawili yatumwe kwetu kwa barua pepe siku yatakapotoka. Mimi nilirudishiwa mkataba kama huo mara mbili na promota mmoja wa huko, na sijausaini mpaka leo.