Dumu haliunganishwi jamani, linapulizwa

Mkuu umeuliza dumu linapataje uwazi ndani wakati halionekani lilipounganishwa, na pia kama kompresa ya kujazia matairi inatosha kupulizia chupa za maji. Kuna mdau kajibu eti wanatengeneza nusu mbili halafu wanazibandika kwa moto. Hapana aisee. Mimi nimekuwa operata wa hizo mashine miaka minne, shifti za usiku ndo zilikuwa zangu, ngoja nieleze.

Punje za plastiki, kwa madumu ni aina inayoitwa HDPE, zinamwagwa kwenye hopa (lile faneli kubwa la juu ya mashine) zinashukia kwenye pipa la chuma lenye skrubu inayozunguka na hita zimelivaa kwa nje, humo zinayeyuka kwenye nyuzi 180 mpaka 210 hivi, halafu ule uji mzito unasukumwa unatokea kwa chini ukiwa bomba laini linaning'inia kama soksi. Hilo bomba ndo parisoni. Moldi, yaani umbo la chuma la dumu, yenye nusu mbili inakuja inalibana, kisu kinakata juu, pini inaingia mdomoni, upepo unafunguliwa, presha ya bar 6 mpaka 10 tu, soksi inavimba mpaka inagusa kuta. Kuta zina maji ya baridi yanapita ndani yake, basi plastiki inagandia hapo hapo. Ule mstari wa ubavuni ni alama tu ya pale nusu za moldi zinapokutana. Kiungo cha kweli kipo kitakoni, pale moldi ilipobana mwisho wa parisoni, geuza dumu lako utakiona.

Sasa kupuliza ndo kazi rahisi, shughuli ipo kwenye unene. Parisoni ikining'inia uzito wake wenyewe unaivuta, juu inakuwa nyembamba chini nene, halafu ikivimba zile kona ndo zinafikiwa mwisho kwa hiyo plastiki inafika huko imeshavutika sana. Unaweza kuona dumu limenona ubavuni kumbe kona ni karatasi. Mashine nzuri inafungua na kubana tundu la kutokea wakati parisoni inashuka ili sehemu zitakazovutika sana zipewe nyama zaidi. Mashine ya kizamani, utajijua na jicho lako.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu. Muda mwingi wa kila dumu unaishia kwenye kupoza, nikajifanya mjanja nikateremsha joto la plastiki ili lipoe haraka nitoe mengi, na kweli yakatoka mengi, mazuri, yanang'aa. Asubuhi yakajazwa maji yakadondoshwa kwa majaribio, vitako vikafunguka kama mfuko wa karatasi, maana plastiki ilikuwa imepoa mno haikushikana pale ilipobanwa. Tukarudisha yote kwenye mashine ya kusaga (afadhali HDPE inarudi, yale masalia ya pembeni pia tunasaga tunachanganya na punje mpya), ila maneno niliyopewa siku hiyo siandiki hapa.

Chupa za maji ni habari nyingine kidogo. Ile ni plastiki aina nyingine, PET, ya kawaida ikiyeyuka inakuwa nyepesi mno, haiwezi kuning'inia, kwa hiyo kwanza kinatengenezwa kichupa kifupi kinene chenye mizunguko ya kufungia kifuniko mdomoni tayari, kinaitwa prifomu. Kinapashwa na taa kwenye nyuzi 100 hivi, fimbo inashuka ndani inakivuta kwa urefu huku upepo unakitanua, na huko kuvutwa pande zote mbili ndo kunafanya chupa nyembamba vile iwe ngumu. Ile nukta katikati ya kitako ndo plastiki iliingilia pale wakati wa kutengeneza prifomu.

Kwa hiyo kompresa ya matairi mkuu sahau. PET inataka bar 25 mpaka 40, yako ikijitahidi sana 10, chupa itavimba tumboni halafu zile kona za kitakoni hazitajichora kabisa na haitasimama mezani.