Kabati la mtandao kwenye ukuta wa bloku zenye matundu

Ndugu, umesema unataka kufunga kabati la mtandao ukutani, ni la U9 (nafasi tisa za vifaa kwa urefu), lina swichi ya mtandao, ruta ya faiba na UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika), na ukuta wa duka ni wa bloku zenye matundu. Kwanza itoe hiyo UPS. Betri yake ya risasi ni nzito; ikae chini au kwenye rafu yake.

Kabati lililojitokeza ukutani haliuvuti ukuta kwenda chini tu, linazichomoa pia skrubu za juu. Hizo ndizo za kuogopa. Plasta haishiki kitu, kwa hiyo skrubu lazima ipite plasta na kuingia kwenye bloku yenyewe. Tatizo ni kwamba kuta za bloku yako ni nyembamba, na bolti za kupanuka huzipasua.

Mimi ningetoboa hadi upande wa pili, nipitishe bolti ndefu za milimita 8 zenye washa pana huko nyuma. Kama nyuma ni kwa jirani, basi funga kwanza ubao wa plaiwudi wa milimita 18, mpana kuliko kabati, kwa skrubu nyingi na plagi za kushikilia skrubu, zile za bloku zenye matundu, kisha kabati lifungwe kwenye ubao. Toboa bila kuwasha nyundo ya drili.

Pima usawa kwa pimamaji kabla ya kutoboa, na usitoboe juu au chini ya swichi za taa, maana nyaya za umeme huweza kupita hapo. Waya wa faiba usiukunje. Uache uzunguke kwa duara pana.