Watoto wangu wanaitwa "wa shailoki". Nihame?

*Shikamoo shangazi. Mimi hukopesha majirani pesa: nikikupa elfu kumi, mwisho wa mwezi unarudisha elfu kumi na mbili. Wenyewe hunijia usiku wakinisihi. Juzi mama mmoja alishindwa kulipa nikachukua mtungi wake wa gesi. Sasa mtaa mzima unaniita shailoki, na watoto wangu wanataniwa shuleni. Nihame?*

Marahaba mwanangu. Usihame, jina hilo utalikuta limekutangulia steji. Wakopeshaji wa mitaani Kenya hii wote huitwa hivyo, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba Shailoki ni mhusika wa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina *Mabepari wa Venisi*.

Kisa chake kinakuhusu. Mfanyabiashara Antonio anataka kukopa dukati 3,000 (sarafu za zamani) kwa miezi 3 ili rafiki yake Bassanio aende kuposa. Shailoki anampa bila riba. Naam, bila hata senti ya riba! Anachodai ni hati tu, kwamba pesa zisiporudi atakata ratili moja ya nyama mwilini mwa Antonio. Siku ya kesi anafika na mizani, ananoa kisu kwenye soli ya kiatu mbele ya watu. Kisu hicho ndicho kilichobaki vichwani mwa watu. Nani anakumbuka kwamba Antonio huyohuyo alikuwa akimtemea mate kwa kuwa ni Myahudi? Ndiyo maana Wayahudi wengi huliona jina hilo kuwa tusi. Mwaka 2014 Joe Biden, akiwa makamu wa rais wa Marekani, alilitumia hotubani, ikabidi akiri kwamba alichagua neno vibaya.

Kwako wewe kisu ni ule mtungi, kwa hiyo usihangaike kutetea elfu mbili zako za riba. Mtungi umeutaja kwa mstari mmoja, ukapita mbio. Huyo mama alipikia nini usiku ule? Na ni wangapi walikuona ukiubeba? Mrudishie kesho, mchana kweupe, upitie mlango uleule. Deni lenyewe mpangie alipe kidogokidogo kila wiki, mwandikiane mbele ya shahidi. Kuanzia hapo usishike tena chombo cha mtu, wala kitambulisho, wala kadi ya benki. Asiye na mdhamini mwambie huna.

Kuhusu shule, nenda ukamwone mwalimu wa darasa, awakanye hao wanaowatania watoto. Lakini mtungi kwanza.