Moto wa mwezi wa saba Guangzhou: jamani hamrogwi

Juzi kuna mdogo wangu kaniandikia inbox, ndo kwanza kafika Guangzhou, China, kusoma, anasema dada huku nje ya hosteli usiku watu wanawasha moto pembeni ya barabara, wanachoma karatasi kama hela, wameweka wali na ubani, mi nafunga dirisha nasoma Ayatul Kursi, hivi wanamroga nani? Nimeshamjibu, ila najua mko wengi so naweka hapa.

Hakuna anayerogwa. Huo ni mwezi wa saba wa kalenda ya Wachina, kwetu unaangukia Agosti hivi mpaka Septemba, wanaamini marehemu wanafunguliwa milango wanarudi duniani. Siku kubwa ni tarehe 15, ila Guangdong familia nyingi wanafanya 14. Wazee wa ukoo wanaandaliwa nyumbani, kuku, bata, matunda. Ule moto wa barabarani ni wa wengine kabisa, waliokufa maji, waliokufa vitani, waliofia mbali, wasio na mtoto wala mjukuu wa kuwataja. Hao ndo wanaohangaika na njaa, kwa hiyo mtu baki anawawekea wali, tofu, choroko zilizochipua na hela za karatasi ili wale, waende zao kwa amani.

Wabudha wana kisa cha Mulian, mwanafunzi wa Buddha, alimkuta mama yake marehemu kawa mzimu mwenye njaa, akampelekea chakula, kila tonge likawa kaa la moto kabla halijafika mdomoni. Buddha akamwambia peke yako huwezi, walishe watawa wote siku ya 15 ya mwezi wa saba wakimaliza mafungo yao, dua yao kwa pamoja ndo itamtoa. Na akatoka kweli.

Mimi kisa hiki nimehadithiwa na mama mmoja niliyekuwa nachukua mzigo wa mabegi dukani kwake, na nililia, maana kipindi hicho nilikuwa nimemzika baba kwa video call, tiketi sikupata, nikaangalia udongo unaingia kwenye simu. Yule mama hakunipa pole za maneno. Ilipofika Qingming, ile sikukuu yao ya makaburi ya tarehe 4 ama 5 Aprili, akanichukua mpaka kijijini kwao. Wabongo wangapi tunaofanya nao biashara wamefikishwa kwenye makaburi ya ukoo wao? Mimi nimefikishwa, na najivunia. Tulipanda kilima, wanaume wanafyeka, wajomba wanapaka upya rangi nyekundu maandishi ya kwenye jiwe, wengine wanapanga chai, pombe na nguruwe mzima wa kuchoma. Nguruwe sikula, kuinama na ubani sikuinama, na hakuna aliyenilazimisha. Nilichota maji, nikang'oa majani, nikamuombea baba yangu kimoyomoyo kwa dini yangu. Ukiiangalia ile siku, watoto wanakimbia, shangazi wanagawa chakula, mzee anataja majina ya waliotangulia, ni kama hitma ya kwetu tu.

Niliposimulia kwenye group letu la wafanyabiashara nikaitwa mshirikina. Mtu akampigia mpaka mama yangu mzazi, eti mwanao kaingia mizimu ya Wachina. Hilo bado linaniuma, sifichi.

Kwa hiyo nyie mnaokuja, sikilizeni. Usiruke yale majivu, zunguka. Chakula cha pale usiguse. Usimpige picha mtu anayechoma, subiri amalize, kesho muulize kwa adabu atakuelezea mwenyewe. Vijiti vya kulia usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, hivyo ndo anavyowekewa maiti. Ukialikwa msibani usivae nyekundu, na rambirambi weka kwenye bahasha nyeupe. Na heshimu. Imani yako haipungui kwa kuheshimu wafu wa mwenzio, ogopa kuwadharau.

Na wale wa group niliwaambia hivi: pale Gongo la Mboto wamelala Wachina zaidi ya 60, wengi wao walikuja kutujengea reli ya TAZARA miaka ya 70, hawakurudi kwao. Kila Qingming ubalozi wao unaenda kuwawekea maua. Wamefia mbali, hawana ndugu karibu, na treni yao tumepanda. Sisi tunaoishi Dar tumeenda lini hata kung'oa majani?