Muulize Fundi: Banda la uani

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina nyumba ya urithi hapa Wete. Uani kuna banda la zamani la mawe na chokaa, lina jiko, stoo ya kuni na choo cha shimo tulichokwisha kukiacha. Limeezekwa mabati mazito ya kijivu, si ya chuma, na ukuta mmoja umepinda. Mwanangu anataka kulifunga kamba alivute kwa gari, liishe siku moja. Ndugu zangu wako Unguja. Nimruhusu? – Mama wa Wete

JIBU: Waalaykum salaam, bi mkubwa. Hapana, kamba aiweke kando. Ukuta wa mawe na chokaa hauna nondo. Ukivutwa hukatika popote unapotaka wenyewe, na mawe ya juu humshukia aliye karibu. Banda hushushwa kinyume cha lilivyojengwa: paa, makombamoyo (miti inayobeba paa), mtambaapanya (mti unaolala juu ya ukuta), halafu kuta kuanzia juu, jiwe baada ya jiwe, kwa mtaimbo. Huo uliopinda uegemezwe boriti kabla mtu hajapanda. Na waya wa taa ya jikoni fundi umeme aukate mapema.

Kinachonitia hofu zaidi ni hilo paa. Mabati ya kijivu ya zamani, mazito na yasiyoshika kutu, mara nyingi ni saruji iliyochanganywa na asbesto (madini ya nyuzinyuzi). Yakiwa mazima hayana neno kubwa. Yakivunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Kwa hiyo yasipigwe nyundo wala msumeno. Yaloweshwe maji, misumari ing'olewe taratibu, kila bati lishushwe zima na kufungwa kwa nailoni nene. Wafanyakazi wavae barakoa zenye kichujio cha vumbi laini kabisa, kama FFP3, maana kitambaa na barakoa za kawaida hazizuii nyuzi hizo, na watoto wahamie kwa jirani. Vipande viokotwe vikiwa vimelowa, pasifagiliwe pakavu. Baraza la Mji muwaulize pa kuyapeleka. Nakujua Pemba: atatokea mtu kuyaomba aezekee banda la kuku. Mnyime.

Shimo la choo lifunuliwe mkiwa nje yake, kwani mfuniko wa zamani huoza kwa chini. Lijazeni mawe na kifusi, mshindilie, na msisimamishe nguzo juu yake, patatitia.

Mawe ya kuta msiyatupe. Yakikwanguliwa chokaa yanafaa kwa msingi mwengine.

Ama ndugu zako, ikiwa mirathi haijagawanywa basi banda ni la warithi wote. Wapigie simu leo, kisha umwone sheha na uulize kibali.

Msianze wakati wa masika, kuta zikinywa maji huwa nzito na legevu. Na ikiwa majirani wameanika karafuu, subirini wazianue, vumbi la chokaa lisije likawaharibia.