Mnaoanza kuunga amplifaya za hedifoni: mstari mweusi si hasi

Kosa ni lile lile, na bado linarudi kwenye meza za mafundi: amplifaya ndogo ya betri inanuka moshi, redio imekata sauti upande mmoja, na kijana aliyeziunga anaapa kwamba alifuata rangi za waya. Kweli alizifuata, na ndiyo maana zimeungua.

Haya ni kwa wadogo zetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na vijiji vya huku juu, mnaotaka kusikiliza deki, king'amuzi, sabufa au redio ya gari iliyofungwa sebuleni bila kuamsha nyumba nzima. Kuvua ganda la waya na kushika mita mnajua, hatutarudia.

1. Tafuta laini auti kwanza, yaani tundu linalotoa sauti ambayo haijakuzwa kwa ajili ya spika. Deki hutoa kama volti 2 kwenye RCA, yale matundu ya duara mekundu na meupe, na amplifaya ya hedifoni haihitaji zaidi ya hapo. Kama TV yako ina tundu la mwanga (optical) tu, weka kiboksi cha kugeuza dijitali kuwa analogi, kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), la sivyo utapata ukimya au mkwaruzo.

2. Waya za spika si laini auti. Hapa tukae, maana hapa ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Redio ya gari inayotumia betri ya volti 12 kwa kawaida ina jozi nne za waya za spika: nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Kijana anaona mstari mweusi, anasema hii ndiyo hasi. Anachukua waya wa pini ya 3.5 mm, anaunga nyeupe kushoto, kijivu kulia, halafu zile mbili zenye mstari anazisokota pamoja kwenye hasi ya pini, kwa sababu pini ina hasi moja tu. Kila hatua inaonekana sawa.

Lakini zile zenye mstari si hasi ya redio. Aisii, yaani chipu ya kukuza sauti ndani ya redio, kama TDA7388, inasukuma spika kwa waya zote mbili: mmoja ukipanda, mwenzake unashuka. Weka mita kwenye DC, ncha nyeusi kwenye bodi ya redio (ganda lake la chuma, ndiyo hasi yake), nyekundu kwenye waya wowote wa spika. Utasoma kama volti 6, yaani nusu ya betri. Ukipima kati ya waya mbili za spika moja unapata karibu sifuri, ndiyo maana spika yenyewe haidhuriki. Sasa ukisokota pamoja zile zenye mstari, umefungia kushoto na kulia kwenye sehemu moja, na kila upande unataka kusukuma kivyake.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba mwanzoni inaimba. Mtangazaji akisoma taarifa ya habari, sauti ya kushoto na ya kulia ni moja, kwa hiyo waya zile mbili zinapanda na kushuka pamoja na hakuna mkondo unaopita kati yake. Kijana anafurahi, anafunga mfuniko. Ukija wimbo wa stirio, gitaa kushoto na ngoma kulia, volti zinatofautiana, mkondo mkubwa unapita kwenye lile fundo, na aisii inaanza kuchemka. Zilizotengenezwa vizuri hujizima zenyewe. Za bei ya chini usizitegemee.

Hapo bado hujachomeka chaji. Amplifaya ikitumia betri yake peke yake haigusani na bodi ya redio. Ukiichaji kwa waya wa USB kutoka kwenye redio hiyo hiyo huku unasikiliza, hasi ya USB ni bodi ya redio, na hasi ya pini umeshaifunga kwenye waya wenye volti 6. Zinapiga shoti kupitia njia nyembamba za shaba ndani ya amplifaya yako. Ile harufu inatoka hapo.

Na hata shoti isingekuwepo, nguvu zenyewe haziendani. Redio inayotoa wati 18 kwenye spika ya omu 4 inatoa kama volti 8.5, wakati amplifaya nyingi za betri zinaanza kukwaruza ukizipa zaidi ya volti 2 au 3.

Dawa ipo, tena si ngumu. Geuza redio, angalia nyuma kama ina RCA za kutolea sauti, uunge hapo. Kama haina, tafuta kiboksi cha kushusha sauti chenye transfoma ndani, kile wanachotumia mafundi wa muziki wa magari kuunga amplifaya kwenye redio isiyo na RCA. Kabla hujalipa, weka mita kwenye omu, pima kati ya waya za kuingilia na ganda la nje la RCA ya kutokea. Mita ikionyesha njia, kiache, kwa sababu hakitenganishi hasi hizo. Isipoonyesha njia upande wowote, chukua.

3. Sabufa ina mtego wake. Spika zake ndogo za pembeni mara nyingi zinachomekwa kwa RCA, tundu lile lile kama la deki. Tundu linaloendesha spika isiyo na umeme wake ni la spika, haijalishi umbo. Sauti ya hedifoni chukua kwenye deki yenyewe kwa waya wa matawi mawili, tawi moja liende sabufa, jingine kwenye amplifaya. Deki moja kwenda vifaa viwili haina shida. Usigeuze, yaani deki na king'amuzi kwenye tundu moja kwa wakati mmoja.

4. Mvumo unapochaji. Chomoa chaja. Mvumo ukitoweka, amplifaya ni nzima: umefunga duara la hasi, yaani hasi zimeungana kwa njia mbili, kupitia chaja na TV, au chaja yenyewe inatoa umeme wenye kelele. Chaji mchana, sikiliza usiku. Betri ya mAh 1,000 kwenye amplifaya inayokula mA 100 inakupa kama saa 10, hakuna haja ya kusikiliza ukiwa umefungwa ukutani.

5. Umeme wa sola. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya 20 jua likiwaka na hakuna kinachotumia umeme. Wa Makete na Ludewa, msiunge paneli moja kwa moja kwenye waya wa chaji. Pitieni tundu la USB la kontrola, volti 5.

6. Baridi na unyevu. Betri ya lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, kwa hiyo asubuhi za jalidi kule Kitulo ipashe moto kwa joto la chumba kwanza, si kando ya jiko. Tukuyu mvua haziishi, RCA hushika kutu ya kijani; sauti ikikatika upande mmoja, zima kila kitu, futa pini kwa spiriti kabla ya kulaumu aisii.

7. Wanaojijengea amplifaya kwa betri mbili za volti 9 wasikilize hapa. Betri moja ikifa kabla ya mwenzake au kishikizo chake kikilegea, DC inaweza kutokea kwenye hedifoni na kuchoma koili. Besi ikianza kukwaruza wakati sauti za juu bado safi, betri zimechoka. Badilisha zote mbili. Kisha, hedifoni zikiwa nje, sauti sifuri, pima DC kwenye tundu la kutokea, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 20 endelea. Ikizidi 50 usichomeke kitu, rudi kwenye vishikizo vya betri, halafu kwenye miguu ya aisii iliyochomelewa kwa risasi, na upime upya kila unapogusa kitu.